Debe Lililotikiswa Mara Tatu

Jumapili, tarehe 19 Novemba 1967. Manyunyu yalianza kabla ya kupambazuka na hayakukatika hadi saa tisa alasiri. Mlima haukuonekana siku nzima, na safu ya Nyandarua upande wa pili ilikuwa imefunikwa na wingu hadi miguuni. Baridi ilikuwa ile ya kuingia kwenye viungo vya vidole.

Siku hiyo Theuri wa Mathenge alitoka kanisani kabla ya baraka ya mwisho. Mhubiri alikuwa amefika kwenye maombi ya viongozi. Alianza na Rais, akapitia machifu, kisha akasema, "Na mtumishi wako Theuri, unayemtumia kuwatetea wanyonge wa shamba hili." Wanawake waliokaa mabenchi ya kushoto wakaitikia amina kwa pamoja. Theuri akachukua kofia yake akapenya mlangoni, ameinama kama mtu aliyeshikwa na tumbo.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Shamba lenyewe liliitwa Kirigu, shamba la kahawa lililokuwa kati ya mji wa Nyeri na Mweiga, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka mjini. Alilifikia mwaka 1957 akitoka kizuizini, alikowekwa na serikali ya Wazungu wakati wa Hali ya Hatari. Ardhi ya nyumba yao ilikuwa imepimwa na kugawanywa wakati yeye na baba yake wakiwa ndani, na waliporudi walionyeshwa mawe ya mipaka ya watu wengine. Huko Kirigu Theuri alianza kwa kupalilia, baadaye akapelekwa kwenye mashine ya kumenya kahawa, na hapo akapatana na kazi. Alikuwa mtu wa kusikiliza chuma. Mashine ikibadili sauti kidogo tu, alijua ni sahani ipi imelegea, na hakuridhika kuambiwa jambo kama aliweza kulijaribu mwenyewe.

Mwaka 1965 chama cha wafanyakazi wa mashamba kilipoanza kuandikisha watu Kirigu, walimchagua kuwa mwakilishi wao. Waliomchagua walikuwa watu wa mwezi. Walikuwa wanaume arobaini na mmoja: wa mashine, wa trekta, wa kupogoa miti, walinzi. Waliishi katika nyumba za laini, zile za safu zilizojengwa na shamba, walilipwa kila mwisho wa mwezi, na ada ya chama ilikatwa humo humo kwenye mshahara.

Watu wa debe walikuwa wengine. Hao walikuwa wanawake, zaidi ya mia moja na hamsini wakati wa mavuno, baadhi yao wake wa hao hao watu wa mwezi, na walilipwa senti sitini kwa kila debe la kahawa mbivu waliyochuma. Chama hakikuwaandikisha. Kilisema kwamba kibarua wa msimu hana mahali pa kukatwa ada. Siku ya kuinua mikono walikuwa kwenye mistari ya kahawa wakichuma, na hakuna aliyeona ajabu. Kuchuma ilikuwa kazi ya wanawake na watoto. Mwanamume mzima angeweza kufanya kazi Kirigu miaka ishirini bila kufunga kikapu kiunoni hata mara moja, na wengi walijivunia hilo.

Mwaka huu wa 1967 watu wa mwezi walidai nyongeza. Miezi mitatu barua zao zilipokelewa ofisini na kukalia meza. Mwanzoni mwa Oktoba wakajaribu kugoma peke yao, na meneja hakutetereka. Alileta fundi kutoka Nyeri akaendesha mashine, na trekta aliliendesha mwenyewe huku akipiga mluzi. Siku ya tatu wanaume wakarudi kazini bila kuambiwa lolote.

Ndipo Wamucii alipomjia Theuri. Alikuwa mjane wa miaka kama hamsini na mitano, mzaliwa wa upande wa Gakindu, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Alikuwa akichuma kahawa Kirigu tangu kabla Theuri hajafika, na wanawake wa debe walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza nyapara. Alisimama mlangoni mwa nyumba ya mashine akamwambia Theuri kwamba wanaume wamegoma kama watu waliokataa kula chakula ambacho hakijapikwa. Mashine haina la kumenya kama wao hawajachuma. Akasema wanawake watatoka, ila na wao wana neno lao: debe lipande kutoka senti sitini hadi themanini.

Wanawake walitoka Jumatatu tarehe 16 Oktoba, wakakaa langoni siku kumi, magunia vichwani kwa ajili ya mvua. Kahawa ilikuwa imeiva kwa pamoja mwaka huo. Siku ya nne ilianza kuwa nyeusi mitini, siku ya sita ilikuwa ikianguka, na meneja hakupiga mluzi tena. Siku hiyo ya sita polisi walikuja. Walimchukua Wamucii kwa kosa la kuzuia lango, akalala Nyeri siku mbili kwenye sakafu ya saruji. Alirudi amepotewa na sauti, akaketi pale pale alipokuwa ameketi.

Jumatano tarehe 25 meneja aliita mazungumzo. Upande wa wafanyakazi walikwenda wawili: Theuri, na Ndungu, katibu wa tawi kutoka Nyeri, mtu wa suti ya kijivu aliyezoea kumaliza mambo kabla ya chakula cha mchana. Meneja alisema watu wa mwezi watapata nyongeza ya shilingi kumi na tano, ihesabiwe kuanzia mwanzo wa Oktoba. Debe litabaki senti sitini. Tena, tangu sasa, kila debe litatikiswa mara tatu kabla ya kuhesabiwa, kwa sababu wanawake humimina kahawa kwa ulaini na debe linaonekana limejaa wakati halijajaa.

Ndungu alimwinamia Theuri sikioni. "Chukua hiyo. Kutikisa ni nini? Hata mtoto anatikisa chupa ya maziwa."

Katika chumba kile walikuwa wanaume wanne, pamoja na mwandishi wa meneja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujaza debe la kahawa. Theuri aliomba wampe hadi asubuhi.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya miti, alifanya kile ambacho mtu wa mashine hufanya. Alichukua debe tupu, akaingia mstari wa karibu ambako kahawa ilikuwa imetapakaa chini, akazoa mpaka debe likajaa hadi mdomoni. Akalitikisa mara tatu. Akaweka kiganja ndani, ubavuni mwa bati, akapima: kahawa ilikuwa imeshuka vidole vitatu. Akamwaga, akajaza tena, akatikisa tena. Vidole vitatu. Akasimama pale akipiga hesabu kichwani. Mwanamke wa madebe matano sasa angepata manne na kipande, na kipande kisichofika nusu hakikuhesabiwa Kirigu. Debe moja katika kila matano lilikuwa limekwenda.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 26 alitia sahihi.

Sababu alikuwa nazo, na si za uongo. Wanaume arobaini na mmoja walikuwa wakingoja nje ya ofisi, na baadhi walikuwa wameanza kusema wachukue chochote. Binti yake mkubwa, Gathoni, alikuwa aanze shule ya bweni mwezi wa kwanza. Alijiambia neno la debe litarekebishwa mkataba ujao, mambo yakiwa yametulia. Akatoka nje akapanda juu ya jiwe la kupandia farasi lililobaki tangu wakati wa Wazungu, akasema mshahara umepanda shilingi kumi na tano. Kuhusu debe, akasema meneja amekataa senti themanini, lakini chama kitaendelea kusukuma. Hakusema neno la kutikisa.

Wanaume walimbeba. Wanawake wakampigia vigelegele vitano, kama vya kuzaliwa kwa mtoto wa kiume. Wamucii alimshika mkono kwa mikono miwili na kumwambia, kwa ile sauti iliyokuwa bado haijarudi, "Si kitu. Mkitangulia nyinyi, sisi tutafuata."

Siku ya malipo watu wa mwezi walishuka Nyeri na nyongeza yao, wakarudi na makoti meusi ya mvua kutoka duka moja. Jumatano iliyofuata, tarehe 1 Novemba, kutikisa kukaanza.

Kazi hiyo ilimwangukia karani wa kupokea kahawa, Kaburu, Mmeru wa upande wa mashariki wa mlima, kijana wa miaka ishirini na saba aliyeletwa Kirigu mwaka uliotangulia na mkewe Karimi. Hawakuwa na jamaa huko. Kaburu alitikisa madebe kama alivyoagizwa, na wanawake walipomzingira alisema ukweli kwa Kiswahili chake cha polepole: si yeye, si meneja peke yake, ni mkataba, ukurasa wa pili, na sahihi ya Theuri iko chini.

Kwanza walicheka. Kisha wakakasirika kuliko walivyokasirikia debe. Waliona karani amenunuliwa, na sasa anampaka matope mtu aliyewapigania ili awagawanye. Wamucii alipanda hadi kwenye mashine, akamuuliza Theuri mbele ya watu kama neno la kutikisa limo kwenye mkataba wake.

Theuri alikuwa ameshika kopo la grisi. Alisema, "Mimi sikuandika neno kama hilo."

Hakuwa ameliandika, kweli. Aliyeandika ni mwandishi wa meneja. Hiyo ndiyo fimbo aliyoitegemea siku kumi na nane, na kila siku ilizidi kupinda.

Wamucii alishuka na jibu hilo. Tangu siku hiyo wanawake wa Kirigu hawakumsalimia Kaburu wala mkewe. Karimi akifika kwenye bomba, mazungumzo yalikatika na ndoo zikaondolewa. Kuna mmoja aliyemwambia, kwa upole wa kuumiza, kwamba kwao Meru labda uongo ni kitoweo, lakini huku wanakula kwa chumvi tu. Karimi alikuwa na mimba kubwa. Alijifungua mtoto wa kike Jumamosi tarehe 11 Novemba.

Kwa kawaida, mwanamke akijifungua, wenzake huja kabla ya siku ya nne. Huja kwa mstari mmoja na mizigo ya kuni mgongoni, uji kwenye vibuyu na njahi, maharagwe meusi, zilizopondwa, wakiimba kutoka mbali ili mama asikie. Kuni hizo humtosha mwezi mzima asitoke. Hata mwanamke mgomvi kuliko wote hupelekewa kuni. Kwa Karimi hakwenda mtu. Siku ya nne ilipita, ya sita ikapita, na ile Jumapili ya manyunyu ilikuwa siku ya nane.

Theuri alipotoka kanisani hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alizunguka nyuma ya laini, kwenye njia ya msituni, ili asikutane na watu. Ndipo alipokutana na Kaburu. Karani alikuwa akipanda kutoka bondeni na mzigo wa kuni mbichi mgongoni, ukanda wa ngozi umekaza kwenye paji la uso, kama wabebavyo wanawake. Hakujua kuubeba. Mzigo ulikuwa umeenda upande mmoja na maji yalimchuruzika shingoni. Watoto watatu wa laini walimfuata wakiimba wimbo wa kuni, ule ule wa kumpongeza mama, wakimwita Mama Kaburu.

Theuri aliwafukuza watoto. Kaburu akasimama bila kutua mzigo, kwa sababu akiutua hangeweza kuuinua tena. Wakasalimiana. Theuri akamuuliza hali ya nyumbani, akajibiwa kwamba mtoto ni mzima lakini maziwa hayatoki vizuri, na mama analia tangu asubuhi mpaka jioni. Hapigi kelele. Anakaa tu machozi yakishuka.

"Mimi wacha waniite mwongo," Kaburu alisema. "Nimezoea. Lakini bibi yangu hakutikisa debe ya mtu. Wewe uko na bibi. Mwambie aende amwone tu. Hata bila kuni."

Theuri alisema atamwambia.

"Na mimi si kusema ati unichukie, mzee," Kaburu aliongeza. "Ile karatasi niliiona na macho. Pengine wewe hukusoma ukurasa ya pili."

Alimpa njia ya kutokea, kwa heshima, na mzigo ule mgongoni. Theuri alitazama viatu vyake. Alisema, "Nilisoma," lakini alisema kwa sauti ndogo, na Kaburu alikuwa ameshaanza kupanda.

Nyumbani mkewe, Watiri, alikuwa akimenya viazi. Yeye pia alikuwa mtu wa debe, mwepesi, wa madebe matano hadi sita kwa siku zamani. Theuri alivua koti la mvua, akalitundika, akaketi, akasema ingefaa aende kumwona mke wa karani.

"Yule ambaye bwana wake amekuchafua jina?" Watiri hakuinua kichwa. "Baba Gathoni, wewe una moyo wa kanisa sana. Mimi sina. Juzi kwenye bomba yule mke wa dereva alisema pengine karani ana ukweli kidogo, nikamwambia kama anataka kujua ukweli aulize bwana wake analala wapi siku za malipo. Hajaongea na mimi tena. Sasa niende nikapike uji kwa Karimi, nionekane vipi?"

Theuri akamwambia. Hakulipamba. Alisema neno limo kwenye mkataba, alilijua, na jioni ya kuamkia sahihi alijaza debe akalitikisa mwenyewe akapima kwa vidole.

Watiri aliendelea kumenya kiazi kile kile hadi kikawa kidogo kama yai la njiwa. Kisha akakitia kwenye sufuria.

"Siku zile zote nikirudi na madebe manne," alisema, "ukiniuliza kama nimechoka."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakwambia ni mikono inazeeka."

Watiri akanawa mikono, akaifuta kwa leso, akafunga kitambaa kichwani upya. Akamwambia kwamba yeye si wa kuambiwa peke yake jikoni, kwa sababu hakukaa langoni peke yake. Wamucii na wenzake walikuwa kwenye banda la kuanikia wakipanga mistari ya wiki, kama kila Jumapili alasiri. Akashika njia kwenda huko. Theuri akamfuata, nyuma hatua kumi, na njia nzima alitumaini kwamba watakuta wametawanyika.

Walikuwa thelathini na kitu, wameketi juu ya magunia matupu. Walipomwona walimfanyia nafasi, na mmoja akasema kwa utani kwamba leo mwakilishi amekuja kuomba mstari wa kuchuma, apewe ule wa karibu na choo. Wakacheka. Watiri hakucheka, alikwenda akaketi kati yao akampa mumewe uso, na kicheko kikapungua chenyewe.

Theuri alisema akiwa amesimama. Alikuwa amezoea kusema mbele ya watu, lakini sasa maneno yalikuwa yakitoka moja moja kama misumari kutoka kwenye mbao. Alisema karani hakudanganya. Alisema neno la kutikisa, linaloshusha kahawa vidole vitatu, lilikuwa bei ya zile shilingi kumi na tano, na kwamba alipoulizwa pale kwenye mashine alijibu kwa ujanja. Alipomaliza, mvua ilikuwa imekatika, na matone ya mwisho yalisikika yakidondoka kutoka kwenye bati.

Kagure, binti wa Wamucii, mama wa watoto wanne, ndiye aliyesema kwanza. Alimwangalia Theuri kutoka kichwani hadi miguuni, akiwa na shati lake la Jumapili tu. "Leo hukuja na lile koti," alisema. "Ungelivaa. Tungeona vidole vyetu vitatu vinavyokukinga mvua."

Theuri alingoja kutukanwa, na kama wangemtukana angepata nafuu. Hawakumtukana. Wengine walitazama chini, na ilionekana kwamba aibu haikuwa yake peke yake tena, maana kila mmoja pale alikuwa ameondoa ndoo yake Karimi alipokuja kuteka maji.

Wamucii alikuwa akivuta uzi kutoka kwenye gunia.

"Ulijua kabla ya kutia sahihi," aliuliza, "au baada?"

"Kabla. Jioni yake nilizoa kahawa chini mstarini, nikajaza debe, nikalitikisa."

"Jioni hiyo nilikuwa langoni. Kutoka kwenye mashine hadi langoni ni hatua ngapi?"

"Kama mia mbili."

"Ungekuja ukaniuliza, ningekwambia ni vidole vitatu bila wewe kuzoa kahawa chini. Ningekwambia pia uchukue zile kumi na tano. Sikia vizuri, mwana wa Mathenge. Ningekwambia uchukue, kwa sababu wale wanaume walikuwa wameishiwa, na sisi tumezoea kungoja. Lakini ningekuwa nimesema mimi." Akakata uzi kwa meno. "Nililala kwenye saruji ya polisi nikijua ninalalia nini. Umeninyang'anya hilo. Debe ni kitu kidogo."

Theuri alisema atajiuzulu uwakilishi. Wamucii akamjibu kwamba hilo ni la kwenda kupumzika, na wao hawajampa ruhusa ya kupumzika. Alitaka jambo moja. Kesho Theuri atampeleka Nyeri kwa huyo mwenye suti, na alichokisema bandani atakisema huko pia, na yeye Wamucii akisikia kwa masikio yake. Kisha atasema watu wa debe wanataka kuandikwa chamani, ada wapeleke wenyewe mkononi kama haina mahali pa kukatwa. Akikataliwa, akataliwe mbele yake.

Wanawake waliinuka. Jioni hiyo walikwenda kwa Karimi wanne tu, Watiri na Kagure wakiwemo. Hawakuimba, haikuwezekana kuimba. Wengine walishindwa kwenda kwa kuona haya, na baadhi hawakufika hadi Alhamisi, na mmoja au wawili hawakwenda kabisa, wakisema Mmeru angetafuta njia nzuri zaidi ya kusema ukweli wake. Kaburu aliwafungulia mlango wale wanne akatoka nje akasimama kwenye tope ili wapate nafasi. Theuri aliona hayo kutoka mbali. Hakuthubutu kusogea. Watiri aliporudi alimwekea chakula mezani, akasema maziwa ya Karimi yatatoka, ni huzuni iliyoyafunga, kisha akaingia kulala na watoto.

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 20 hakuiwasha mashine. Alimwachia mwenzake ufunguo, akamwambia sahani ya pili isikazwe sana, akaenda kwa nyapara akasema leo akatwe siku. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa njia panda. Wamucii alikuwa amefika kabla yake, na fimbo, na viatu vya mpira ameviweka kwapani ili avivae mjini. Walitembea saa tatu. Yeye Wamucii alikuwa mbele. Walipovuka mto Chania alimuuliza kama Gathoni anapenda shule, Theuri akasema anapenda sana, na wakashika mwendo hadi Nyeri.

Ofisi ya tawi ilikuwa ghorofani, nyuma ya duka la vitambaa. Ndungu aliwatazama juu ya miwani. Akamsalimia Theuri kwa furaha, kisha akauliza mama huyu ni mwanachama wa wapi, kwa kuwa siku ya Jumatatu ni ya wanachama, naye ana mkutano saa nne na nusu.

"Yeye ndiye aliyefunga lango," Theuri alisema.

Kiti cha wageni kilikuwa kimoja. Alikivuta akamwekea Wamucii mahali ambapo angemwona uso anaposema. Wamucii akaketi, akaweka fimbo magotini. Theuri akavua kofia, akaanzia Jumatano ile jioni, jua likiwa bado juu ya miti, alipokuwa peke yake mstarini na debe.